Mgonjwa wa Mapafu Asifungiwe Chumbani



Wapo jamaa zetu walioolewa au kuhamia Kisii na Nyamira, katika nchi ya chai na migomba. Kwa macho, milima hiyo ni neema. Kwa aliyepatwa na saratani ya mapafu, ni mtihani. Mji wa Kisii umeinuka yapata mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na njia nyingi hupanda na kuteremka. Basi mgonjwa akihema, wampendao humlaza kitandani na kumwondolea kila kazi.

Hiyo ni huruma, lakini yaweza kumdhuru. Mwili usiotumika hulegea, na misuli iliyolegea hutaka pumzi nyingi kwa kazi ndogo. Mazoezi hayaondoi uvimbe, wala hayashiki nafasi ya matibabu. Lakini hupunguza uchovu, huleta usingizi na kutuliza moyo.

Kwa hiyo, daktari akiridhia, tumtoe nje asubuhi, kabla ya mvua ya alasiri. Tuchague njia tambarare ya juu ya kilima, tuepuke ya bondeni. Siku ya kwanza dakika 5 zatosha. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye chai. Akichoka, aketi atazame mashamba. Tusimsemeshe njiani, kwani pumzi ya maneno ndiyo hiyo hiyo ya hatua. Akiumwa kifua, akishikwa na kizunguzungu au akikohoa damu, tumpeleke hospitali bila kukawia.

Tukirudi nyumbani, tusimketishe karibu na mafiga. Moshi wa kuni huyaumiza mapafu, hata ya mwanamke asiyewahi kuvuta sigara. Nasi tulio wazima tusipuuze kikohozi kinachozidi wiki 2. Saratani hii hufanana na kifua kikuu kwa dalili zake: kikohozi, kukonda, damu katika makohozi. Dawa za kifua kikuu zisipoleta nafuu, tuombe kupimwa upya.

Dini yetu imemruhusu asiyeweza kusimama asali ameketi. Haikumwambia aache sala. Nasi tumtendee mgonjwa vivyo hivyo: tumpunguzie mwendo, tusimnyang'anye.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na subira wanaowauguza. Amin.