Skuli ya Mtaa na Mahakimu Wake

Wazazi wa mjini Unguja wanapokaa barazani kuijadili skuli ya serikali iliyo mtaani mwao, hukumu huwa imekwishatoka kabla ya shahidi kuitwa. Madarasa yamefurika, lugha imeharibika, “mchanganyiko umezidi”. Neno hilo la mwisho ndilo la kushikwa. Mchanganyiko wa nani? Wa mtoto wa Kojani na wa Shangani, wa mchukuzi na wa karani, wa aliyetoka Bara na wa mwenye nasaba ya Hadhramaut. Kabla ya 1964 jamii kadhaa zilikuwa na skuli zao, na milango haikuwa sawa kwa wote. Tarehe 23 Septemba mwaka huo elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Ukuta uliovunjwa kwa tangazo, leo wazazi wanaujenga upya kwa ada.

Madarasa kufurika ni kweli, na ni haki kuwalalamikia wakubwa. Lakini anayemhamisha mwanawe kimyakimya huondoka na sauti yake, na skuli hubaki na wasiosikilizwa. Kisha husemwa: si tuliwaambia! Wangapi kati ya wasemao wamewahi kulivuka lango lile, hata siku ya kikao cha wazazi, wakamsikia huyo mtoto wa Kojani akighani shairi?