Soma namba ya ubavuni kwanza

Ndugu mwandishi, umeyasifia sana matairi mepesi ya mashindano, lakini barabara zetu za huku hazina habari na wepesi. Makambako ndipo njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Tunduma, yenye malori ya Zambia usiku na mchana. Tairi la lori likipasuka huacha nyaya nyembamba za chuma pembeni mwa lami, pale pale wenye baiskeli tunaposukumiwa. Waya huo mara nyingi hautoboi siku hiyo hiyo. Hujichimbia taratibu mpaka uifikie tyubu, na mvua huuzidishia kasi, kwa sababu mpira uliolowa hukatika upesi.

Kwa hiyo tafuteni tairi lenye tabaka la kinga chini ya mpira wa juu. Schwalbe Marathon Plus lina milimita 5 za kinga hiyo. Ni zito, ndiyo, na vilima vya Njombe vitakukumbusha. Mimi ningelifunga hata hivyo, angalau nyuma, kwenye uzito mwingi.

Makala yako haikugusa ukubwa wa tairi, ile namba iliyoandikwa ubavuni. Baiskeli nyingi za kisasa za mwendo kasi zina rimu ya milimita 622. Phoenix za zamani za inchi 28 zina 635. Matairi yote mawili huitwa "ishirini na nane" dukani, na hayaingiliani hata fundi awe hodari vipi.

Na kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisheni kitambaa ndani ya tairi. Kikinasa, waya bado umo.