Mfuko wa Gofu wa Kijana: Fimbo Ngapi, na Zipi?



Mzazi mmoja wa Tunduma ametuletea swali ambalo ukurasa huu haujapata kuulizwa. Kijana wake wa kwanza alikaa miaka mitatu kwa ami yake Ndola, huko Zambia, akijipatia riziki kwa kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu. Wabebaji hao huitwa makedi. Kwa kutembea nyuma ya wachezaji alijifunza naye kuupiga mpira, na wanaomjua wanasema anaupiga vizuri. Sasa amepata kazi Mufindi, katika mashamba ya chai, ambako kuna uwanja wa gofu, na anatamani kuwa mchezaji badala ya mbebaji. Mfanyabiashara wa Ndola anamwuzia mfuko uliokwisha kutumika wenye fimbo 16, wala hakubali kuupunguza. Baba yu tayari kutoa sehemu kubwa ya fedha za kahawa yake ya Mbozi. Mama anauliza mtu mmoja mwenye mikono miwili ana haja gani na fimbo 16, ilhali karo za wadogo zake zinatoka katika fedha hizo hizo.

Hatuna desturi ya kuingia kati ya mume na mkewe. Hata hivyo, katika jambo la hesabu ya fimbo, mama ana hoja, na kanuni za mchezo wenyewe ziko upande wake.

Kanuni za gofu hutungwa na R&A ya Scotland pamoja na USGA ya Marekani, nazo haziruhusu mchezaji kuanza mzunguko akiwa na fimbo zaidi ya 14. Kikomo hicho si cha kale. Zama za mipini ya mti kila mtu alibeba alizozipenda. Mipini ya chuma ilipoidhinishwa, na R&A iliiidhinisha mwaka 1929, viwanda vikaanza kuuza fimbo kwa seti zenye namba, na wachezaji wakaingiwa na tamaa. Lawson Little wa Marekani, aliyeutwaa ubingwa wa ridhaa wa Uingereza na wa Marekani mwaka 1934 na tena mwaka 1935, alijulikana kwa kubeba fimbo zaidi ya 20. Walioumia migongo ni makedi. USGA ikaweka kikomo cha 14 mwaka 1938, na R&A ikafuata mwaka 1939.

Adhabu ya kuzidisha ni mikwaju miwili kwa kila shimo ambalo kosa lilitendeka, hadi mikwaju minne kwa mzunguko mmoja. Ian Woosnam wa Wales aliionja mwaka 2001 katika mashindano ya The Open pale Royal Lytham. Alikuwa miongoni mwa walioongoza siku ya mwisho, na shimo la kwanza alilicheza vizuri mno. Alipofika kuanza shimo la pili, kedi wake akamweleza kwamba mfukoni mna fimbo 15: draiva zilikuwa mbili, moja ya majaribio ilisahaulika humo. Akaongezewa mikwaju miwili, na siku hiyo ikamalizika yeye akiwa miongoni mwa waliofungana nafasi ya tatu. Kijana wetu, aliyewahi kuwa kedi, bila shaka anajua kwamba kuhesabu fimbo kabla ya kuanza ni kazi ya mbebaji, na lawama ni zake pia.

Kwa hiyo anayenunua fimbo 16 ananunua mbili za kuegemeza ukutani. Lakini tusiishie hapo, maana mtu aweza kusema: basi na tumnunulie 14 kamili. Kanuni imeweka kikomo cha juu. Cha chini haikukiweka. Anayeanza mzunguko na fimbo tano hakosi chochote, na akitaka kuongeza njiani hadi 14 anaruhusiwa, mradi asichelewesha mchezo wala asiazime fimbo ya mchezaji mwingine. Seve Ballesteros wa Hispania, mshindi wa mashindano makuu matano, alijifunza utotoni kwa fimbo moja tu ya chuma, namba 3, akiipiga mipira kwenye mchanga wa pwani ya kijiji chake. Fimbo hiyo moja ilimfundisha kuupeleka mpira juu, chini, karibu na mbali, mambo ambayo mwenye mfuko uliojaa huyatafuta kwa kubadilisha fimbo.

Tueleze sasa fimbo hizo hutofautiana kwa nini, ili wazazi wasibaki kuhesabu vyuma tu. Kinachozitenganisha ni urefu wa mpini na jinsi uso wa kichwa ulivyolala. Draiva, iliyo ndefu kuliko zote, uso wake umelala nyuzi 9 hadi 12 hivi, hivyo huupeleka mpira mbali. Chuma namba 5 kimelala kiasi cha nyuzi 25, namba 7 nyuzi 32 hivi, namba 9 karibu na 40. Fimbo ya mchanga, ambayo Gene Sarazen aliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1930, hufika nyuzi 56 na huuinua mpira kama anayeuchota kwa upawa. Kwa mchezaji hodari kila namba huizidi mwenzake kwa mita kumi au zaidi. Kwa anayeanza, ambaye mikono yake haijapata kasi, namba 4, 5 na 6 zote huuangusha mpira karibu mahali pamoja. Yaani amebeba fimbo tatu zinazofanya kazi ya moja.

Sisi tungeushauri mfuko huo ujengwe kwa kuanzia shimoni na kurudi nyuma, kinyume cha vijana wengi ambao huanza na draiva kwa kuwa ndiyo yenye kishindo. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 wenye kipimo cha mikwaju 72 umepangwa kwa hesabu kwamba kila shimo litachukua misukumo miwili kwenye majani mafupi. Hiyo ni 36, nusu ya mchezo wote, na yote hufanywa kwa fimbo moja fupi ya kusukumia. Draiva haitumiki zaidi ya mara 14 au karibu na hapo, kwa kuwa mashimo mafupi hayaihitaji. Basi fimbo ya kusukumia ndiyo ya kununuliwa kwanza, nayo ichaguliwe kwa kuishika na kuisimamia: macho yawe juu ya mpira, mikono ining'inie bila kukunjamana.

Baada ya hiyo, fimbo ya mchanga. Kisha ile ya nyuzi 46 hivi, inayouangusha mpira kwa upole karibu na shimo, kwa sababu pasipo hiyo kutakuwa na pengo kubwa mno kati ya namba 9 na ya mchanga. Kisha chuma namba 9, 7 na 5. Kwa umbali zaidi, haibridi moja, ambayo kichwa chake kinene humsamehe mpigaji makosa kuliko chuma chembamba namba 3 au 4. Mwisho, fimbo moja ya zile ziitwazo za mbao, ingawa siku hizi vichwa vyake ni vya chuma, namba 3 au namba 5. Hizo ni nane. Draiva na ingoje. Ulalo wake mdogo huukuza upotovu wa mkono, na anayeanza huishia kuutafuta mpira wake chini ya michai.

Yapo mambo ya nchi pia. Ndola iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Mufindi iko juu zaidi. Hewa ya milimani ni nyepesi, nayo humzuia mpira kidogo kuliko hewa nzito ya Dar es Salaam. Wanaocheza Kenya Open jijini Nairobi, kwenye mita zaidi ya 1,600, huzipima upya fimbo zao kwa sababu hiyo hiyo. Pigo la mita 120 pale Gymkhana ya Dar es Salaam laweza kuongezeka kwa sehemu tano hadi kumi katika mia likipigwa Mufindi. Hivyo umbali ambao kijana ameuzoea Ndola usichukuliwe kuwa hati ya kudumu. Mufindi kuna ukungu na mvua nyingi, ardhi huwa laini, mpira hautambai sana baada ya kuanguka. Fimbo zenye ulalo mkubwa zina faida huko, na taulo kavu la kufutia mishiko lina faida kuliko fimbo ya tisa.

Njia ya kumaliza ubishi ni daftari. Kijana aombe kuazima fimbo nje ya mashindano, apige mipira kumi kwa kila moja, ahesabu hatua, aandike ile iliyoangukia katikati, si ile moja ya ajabu aliyoipiga kwa bahati. Fimbo mbili zikileta hesabu moja, mojawapo haina nafasi mfukoni. Ikionekana palipo na pengo la mita 30, hapo ndipo penye haja ya kununua. Ushahidi wa namna hiyo baba anaweza kuusoma mwenyewe, na mama pia.

Sasa turudi kwa mfanyabiashara asiyekubali kupunguza. Zamani seti nyingi zilikuwa zikiuzwa nusu, namba witiri kwa mmoja na namba shufwa kwa mwingine, na desturi hiyo ina manufaa hata leo. Bila shaka Ndola kuna kedi mwenzake anayetamani mfuko kama yeye. Wakiununua kwa ubia, mmoja akachukua 5, 7 na 9, mwingine 4, 6 na 8, na nyingine wakagawana kwa maelewano, kila mmoja atapata mfuko wa kutosha kwa nusu ya bei. Itabidi mmoja wao atafute fimbo ya kusukumia peke yake, maana seti kwa kawaida huwa na moja tu. Hiyo si ghali kama draiva. Wasijidanganye, hata hivyo, kwamba watabaki wakiazimana. Katika mashindano kanuni inakataza, isipokuwa wale wanaocheza kama washirika wa upande mmoja, nao pia fimbo zao zote kwa pamoja zisizidi 14.

Kabla ya kulipa, zikaguliwe. Kichwa kitikiswe: kikilia ndani au kulegea shingoni, iachwe. Mpini uinuliwe mbele ya macho kama fundi anayekagua ubao, uonekane kama umenyooka na kama kutu imeuingia. Mifuo ya usoni iwe bado inakwaruza ukucha. Mshiko uliokauka ukawa mgumu si tatizo kubwa, kwa kuwa hubadilishwa. Herufi iliyo kwenye mpini isomwe: R ni wa kawaida, S ni mgumu wa wenye kasi, L ni mwepesi wa wanawake. Risiti iandikwe, kwa sababu mzigo utapita kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, na afisa wa forodha ana haki ya kuuliza thamani yake. Na kwa kuwa safari ya Mafinga ni ya basi, tukumbushe kwamba mfuko uliojaa hufika kilo 12 na kuendelea, wakati wa fimbo nane katika mfuko mwembamba ni karibu nusu ya hapo, nao hubebeka begani mzunguko mzima bila kumlipa kedi.

Jambo moja ambalo baba hakuliuliza. Viwanjani kuna mazoea ya kuwekeana fedha kidogo kidogo juu ya msukumo huu au shimo lile, na watu huliona kuwa mzaha tu. Hilo ni kamari, na kijana alikatae tangu siku ya kwanza. Hakuna kanuni ya gofu inayomlazimisha. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua saa nne na zaidi, hivyo aanze mapema au acheze mashimo tisa, Alasiri isimkute kwenye shimo la kumi na tatu akibabaika.

Barua inamalizia kwa kumtaja binti wa miaka 11, ambaye naye ameanza kupiga mawe kwa fimbo ya zamani ya kaka yake, na baba anauliza kama amkatie mpini ufupike. Wanawake wa Tanzania wanaucheza mchezo huu kwa heshima. Madina Iddi na Hawa Wanyeche wameiwakilisha nchi nje ya mipaka. Lakini mpini wa mtu mzima ukikatwa huwa mgumu zaidi, na kichwa hubaki na uzito ule ule, hata mtoto akalazimika kuuzungusha kwa mgongo badala ya mikono. Zipo fimbo za watoto, nyepesi, na kwa umri wake tatu zinatosha: ya kusukumia, namba 7 na ya mchanga. Apimwe akiwa amevaa viatu atakavyochezea, kimo chake na pia kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, ndipo vipimo hivyo viwili vipelekwe kwa muuzaji.