Kadi ya Majaribio Haisafishwi

Kuna wakusanyaji wa kompyuta za zamani wananikera. Mtu analipa fedha za kununulia gari ili apate kadi ya grafiksi ambayo haikuwahi kuingia dukani, halafu kazi ya kwanza anayoifanya ni kuisugua kwa spiriti na mswaki mpaka ing'ae. Stika iliyoandikwa kwa kalamu anaibandua. Kapasita zilizovimba anazing'oa na kuweka mpya. Kisha anaifungia kabatini, na sisi wengine tunaonyeshwa picha moja tu, ya upande wenye feni.

Mimi ni fundi kompyuta, Kariakoo. Kusafisha kadi ndiyo ugali wangu, na vumbi la Dar likishakutana na moshi wa mafuta ya chipsi hapo nje, mswaki mmoja hautoshi. Kadi ya mteja nitaisafisha mpaka aridhike. Kadi ya majaribio ni jambo jingine kabisa, na nitalieleza kwa kutumia Voodoo5 6000. Sijawahi kuishika mkononi, ila picha zake nimezikodolea macho kwa miaka.

Waliocheza gemu za kompyuta miaka ya tisini wanaijua 3dfx, kampuni ya San Jose, California, iliyotoa kadi ya Voodoo mwaka 1996. Novemba 1999, kwenye maonyesho ya Comdex jijini Las Vegas, ilitangaza familia mpya ya kadi, na kubwa lao likawa 6000: chipu nne za VSA-100 kwenye bodi moja, kumbukumbu ya megabaiti 128, na njaa ya umeme kiasi kwamba ilipangwa iuzwe na pawa saplai yake ya nje, ya kuchomekwa ukutani. Ile ya chipu mbili, 5500, ilifika madukani mwaka 2000. Ya chipu nne haikufika. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo 3dfx ikatangaza kuuza mali zake kwa mshindani wake, Nvidia, na kadi chache zilizokuwa kwenye meza za majaribio zikatawanyika mikononi mwa watu. Mwaka 2023 mojawapo iliuzwa mtandaoni kwa dola 15,000.

Mimi nikisikia bei kama hiyo huuliza: umejuaje kwamba ni yenyewe?

Jibu liko kwenye bodi, kwa anayejua kuisoma. Bodi nyingi za 6000 zimechapwa tarakimu nne, kwa mfano 3700. Mgeni hudhani ni namba ya modeli. Hiyo ni wiki ya 37 ya mwaka 2000, yaani katikati ya Septemba, miezi mitatu kabla ya kampuni kuanguka. Ukihamia kwenye chipu za kumbukumbu na nyingine zilizo wazi juu ya bodi hiyohiyo, mara nyingi mpangilio unageuka: mwaka unatangulia, wiki inafuata. Ukikuta 0034, soma wiki ya 34 ya 2000. (Chipu zenyewe za VSA-100 zimefunikwa na vipoza joto. Tafadhali usivibandue kwa bisibisi kwa sababu ya udadisi.) Ukishaorodhesha tarehe zote, kanuni inayobaki ni nyepesi: kadi haiwezi kuzaliwa kabla ya kipande chake cha mwisho. Ukikuta kapasita ya mwaka 2003 kwenye kadi inayosemwa haijaguswa tangu 2000, ama imefanyiwa matengenezo, ama unadanganywa.

Na kudanganywa kunawezekana. Bodi ya 6000 imeshachorwa upya na wapenzi wenye ujuzi, na chipu za VSA-100 zinapatikana kwa kuzing'oa kwenye kadi za kawaida za familia hiyo. Waliofanya kazi hiyo waliifanya hadharani, na mimi nawavulia kofia. Ila kadi hubadilisha mikono, na muuzaji wa tatu halazimiki kusimulia yote. Chipu zitakuwa halali, mpya itakuwa bodi.

Ndiyo maana uchafu una thamani. Kadi ya majaribio ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, kila hatua imeachiwa alama. Waya mwembamba uliopigwa jampa kutoka mguu wa chipu hadi upande wa pili unakuambia mhandisi aligundua kosa kwenye mchoro akalitibu kwa mkono. Mabaki ya fluksi kuzunguka kipande kimoja, wakati pengine pote ni safi, yanakuambia kipande hicho kilibadilishwa. Stika yenye mwandiko wa kalamu huenda ndiyo rekodi pekee kwamba kadi ilifaulu au ilikwama kwenye jaribio fulani, na wino wa kalamu hauhimili spiriti hata kidogo. Fundi mwenzangu atasema fluksi nyingine hula shaba. Kweli, hiyo itolewe, lakini baada ya kupigwa picha, na itolewe hiyo tu.

Msomaji wa Mbagala atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu siku atakayokwenda kununua kadi ya gemu ya bei rahisi. Zimezagaa kadi zinazojitambulisha kwenye Windows kuwa GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016, kumbe ndani ni GTS 450 au GTX 550 Ti za miaka mitano au sita nyuma, zilizoandikwa BIOS ya uongo. Nimeletewa za namna hiyo na vijana waliodunduliza miezi, na hasira zao ninazielewa. Stika inadanganya, boksi linadanganya, kompyuta yenyewe inadanganywa. Toa kipoza joto, futa pesti, soma maandishi kwenye chipu: 1050 Ti ya kweli imeandikwa GP107, ile ya uongo utakuta GF106 au GF116. Hata kabla ya kufungua, chipu za kizazi cha 1050 Ti hazitoi tena mawimbi ya analogia, kwa hiyo ukiona tundu la buluu la VGA, shtuka. Anayeweza kuikagua 6000 kwa picha hatapigwa na 1050 Ti ya mchongo.

Nawaomba basi wenye kadi hizi, na wengi wao wako Marekani na Ulaya, watoe picha za pande zote mbili, kali kiasi cha kusomeka kila chipu, na nakala ya BIOS. Hili la BIOS lina haraka. Chipu inayoihifadhi hushikilia data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja. Watengenezaji wengi walizipigia hesabu ya miaka kumi hadi ishirini, na kadi za 2000 zimeshaipita. Siku data ikifutika, kadi iliyonunuliwa kwa maelfu ya dola haitawasha kioo, na kama hakuna aliyenakili, hakuna pa kuirudisha.

Wapo wanaosema picha za kina zitawafundisha matapeli. Sikubali. Tapeli mwenye mtaji atanunua kadi halisi moja aichunguze anavyotaka. Anayebaki gizani ni mnunuzi asiye na cha kulinganishia. Kwa maoni yangu wengi wanaotoa hoja hiyo wanalinda bei, na hilo wangelisema tu, si dhambi.

Kama kapasita zimevimba na huna budi kuzibadilisha, badilisha. Ila za zamani usizitupe. Zitie kwenye bahasha, andika kila moja ilikaa wapi kwenye bodi na tarehe uliyoitoa, na siku ukiiuza kadi, bahasha iende nayo.