Jina la Kubandikwa

Wako wasemao kwamba mchezo wa vikaragosi ni mchezo tu, na kwamba majina na sura za vikaragosi hubadilika zenyewe, kama majani ya mti yabadilikavyo kwa majira. Neno hili ni jepesi kutamkwa, lakini halina mizizi. Kikaragosi hana mkono wake. Mkono ulio ndani yake ni wa mtu. Na wahenga walikwisha kunena: mwamba ngoma huvutia kwake.

Mfano ulio wazi ni mchezo wa Punch na mkewe Judy, maarufu katika njia na pwani za Uingereza. Punch mwenyewe alitoka Italia, ambako huitwa Pulcinella. Na mkewe aliitwa Joan kabla ya kuitwa Judy. Lakini hoja hapa yamhusu kikaragosi mdogo, mtu mweusi, atokeaye kitambo kidogo, apigwe, aondoke.

Mwaka 1828 John Payne Collier aliyachapisha maneno ya mchezo huo kama ulivyochezeshwa na Mwitalia Giovanni Piccini, pamoja na picha za George Cruikshank. Humo kikaragosi huyo ni mtumishi aliyevishwa sare ya kigeni. Jina hana, ana kazi tu: kumwambia Punch kwamba bwana wake hapendi kelele za kengele. Hata Kiingereza alichotiwa kinywani ni cha kuvunjika.

Charles Dickens, katika riwaya yake ya 1840 hadi 1841, The Old Curiosity Shop, amtaja mgeni asiyeijua lugha, ambaye katika mchezo mzima hutamka neno moja tu, “Shallabalah”, mara tatu. Basi neno hilo lisilo na maana likawa ndilo jina lake. Na katika miaka hiyo hiyo Mmarekani Mzungu, Thomas D. Rice, aliyefika London mwaka 1836, alikuwa akijipaka weusi usoni na kuwachekesha watu kwa jina la Jim Crow. Wachezesha vikaragosi wakamfuata: kikaragosi akaitwa Jim Crow, akavikwa sura ya dhihaka, akaimbishwa.

Je, hayo ni mageuzi? Hasha! Kilichobadilika ni kibandiko. Aliyebandikwa alibaki pale pale, mtu asiyeachiwa kusema la maana. Mtazame mwenzake, Joey, aliyepewa jina la Joseph Grimaldi, mchekeshaji aliyependwa na London nzima. Joey alipewa jina kwa heshima, akapewa na akili ya kumshinda Punch kwa hila. Mkono uliowachezesha ni mmoja; tofauti imo katika nia ya mwenye mkono.

Leo maonyesho mengi yamekwisha kumwacha Jim Crow, na wengine wadhani shauri limekwisha. Kumtoa jukwaani ni haki; kumfuta vitabuni ni kosa jingine. Maana jina hilo halikufia katika kibanda cha mchezo: huko Marekani liliitwa kwalo lile rundo la sheria zilizowatenga watu weusi, hata zikavunjwa kwa sheria za 1964 na 1965. Mwalimu amfundishaye Punch akamnyamazia mtumishi wake, afundisha nusu ya mchezo, nayo ni ile nusu iliyopendwa na mwenye fimbo.