Uzito, Sindano na Siku 28 za Mwanzo wa Mimba

Huko Chiwanda, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kama kwingine nchini, mwanamke anayenenepa husifiwa kuwa amenawiri. Sifa hiyo ina asili yake. Mahali ambapo watu wameishi kwa ugali wa muhogo na usipa, na mama hubeba kuni na maji kichwani, unene ulikuwa dalili ya shibe. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi kiasi.

Mafuta ya ziada huufanya mwili usiitii insulini ipasavyo, na mimba huzidisha hali hiyo. Hapo huweza kuzuka kisukari cha mimba, shinikizo la damu, kifafa cha mimba, au mtoto mkubwa asiyepita njia. Kwa mzazi wa kijijini, upasuaji maana yake ni safari, na kifafa cha mimba hakingoji kupambazuke.

Sasa zimekuja sindano za kupunguza uzito. Semaglutaidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2021, huiga homoni ya utumbo inayotuliza njaa. (Dawa ya kwanza ya jamii hii ilitokana na uchunguzi wa sumu ya mjusi wa jangwani, wanafunzi wasidharau utafiti unaoonekana hauna faida.) Sindano hizi ni ghali na hutaka jokofu, kwa hiyo sitazamii kuziona katika zahanati ya kijiji hivi karibuni. Lakini binti wa Chiwanda aliyehamia mjini huzisikia kila siku katika simu yake.

Hoja yangu ni ya muda, na mwanafunzi yeyote aweza kuipiga hesabu. Nusu ya semaglutaidi huondoka mwilini kwa takriban wiki moja. Baada ya wiki 5 bado zimesalia kama sehemu 3 katika 100. Ndiyo sababu watengenezaji hushauri iachwe angalau miezi 2 kabla ya kushika mimba. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na unene wenyewe huongeza hatari ya kasoro hapo. Katika uchunguzi ule wa 2015-16, ni wajawazito 24 tu katika 100 waliofika kliniki ndani ya miezi 3 ya kwanza. Tena, uzito ukipungua, yai lililokuwa halipevuki huweza kupevuka, na mimba ikaja bila kutazamiwa.

Kuacha dawa nako kuna matokeo yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2025 ulionyesha kuwa walioiacha kabla ya mimba au mwanzoni mwake waliongezeka wastani wa kilo 13.7 wakati wa ujauzito, wenzao kilo 10.5, tena walijifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi.

Kwa maoni yangu, kumngojea mama kwenye kliniki ya wajawazito ni kuchelewa. Mama huyo huyo hufika zahanati kila mwezi kumpima mtoto wake mchanga, naye hurudi nyumbani bila kupimwa. Siku hiyo apimwe uzito na shinikizo la damu, aulizwe anatumia dawa gani, na apewe vidonge vya foliki asidi iwapo anatazamia mtoto mwingine. Mizani ya mtoto hutundikwa kwenye boriti. Ya mama yaweza kuwekwa sakafuni papo hapo.