Kitochi cha Mama wa Makambako: Vita vya Mifumo ya Simu na Haki ya Mnunuzi



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaijua Njombe kwa mbatata. Gunia linalofunguliwa Darajani au Chake Chake huenda limeanza safari yake katika baridi ya kule juu, likashuka hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na Dar es Salaam na reli ya TAZARA inapopita, kisha likateremka mpaka bandarini. Na palipo na biashara ya visiwani hapakosi kijana wa visiwani. Tulipoalikwa kusomesha darsa Makambako tulifikia kwa kijana wetu mmoja wa Kipemba anayeuza simu karibu na stendi. Hapo ndipo tulipokutana na suali ambalo tumeona tuliandikie, kwa sababu jibu lake halimhusu yeye peke yake.

Tulikuwa tumekaa dukani baada ya Alasiri, makoti mwilini. Akaingia mama mmoja wa Kibena, mkulima wa viazi. Akaamkia “Kamwene”, kisha akaweka kitochi juu ya meza. Si kile cha kupiga na kupokea tu, ni kile chenye intaneti. Alikinunua kwa ajili ya WhatsApp, kwani wakulima wenzake hupeana bei za viazi kwenye grupu, na mtoto wake aliye Dar es Salaam humtumia sauti humo humo. Sasa WhatsApp imeondoka. Mama alidhani ameharibu mwenyewe kwa kubonyeza asipopajua. Kijana wetu akamwambia kwa upole, “Mama, si wewe, kampuni imefunga.” Mama akauliza: uliponiuzia ulikuwa unajua? Kijana akanyamaza. Mama alipotoka, kijana akatugeukia: “Maalim, pesa yake ninayo. Ni halali?”

Hatukumjibu pale pale. Mufti hajibu juu ya kitu asichokijua kilivyo, na ilibidi kwanza tuelewe kilichoiua simu ile.

Chenyewe kilikuwa kizima: betri nzima, kioo kizima, laini inasoma. Lakini simu za leo huendeshwa na mfumo, na kila mfumo una duka lake la programu. Duka likifungwa, mwenye simu hana pa kwenda. Vitochi vya aina ile huendeshwa na mfumo uitwao KaiOS, uliotokana na Firefox OS, ambao Mozilla waliutelekeza. Mwaka 2018 Google iliwekeza Dola milioni 22 ndani ya KaiOS. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ikaleta Smart Kitochi yenye mfumo huo, kwa bei isiyofika Shilingi 50,000, na mwaka huo huo WhatsApp ikaingia katika duka la KaiOS. Kwa mkulima asiyeweza kununua simu ya kioo kikubwa, ulikuwa mlango wa kheri. Kisha tarehe 25 Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa katika duka hilo. Waliokuwa nayo tayari kwenye simu zao waliachiwa mpaka mwanzoni mwa 2025, basi.

Kwa nini mambo huwa hivi? Anayejua gulio atafahamu upesi. Mnunuzi haendi gulio lisilo na bidhaa, na mwenye bidhaa hapeleki mzigo pasipo na wanunuzi. Mfumo wa simu ni gulio. Mtengeneza programu akihudumia mifumo mitatu, ana kazi tatu: kuandika mara tatu, kurekebisha mara tatu, kulinda usalama mara tatu. Akiona gulio moja watu wake ni wachache, au ni wengi lakini mifuko yao myepesi, hufunga kibanda akahama. Wateja wakiona vibanda vinafungwa nao huhama, na kila anayehama anampa mwenzake sababu ya kuhama.

Wala msidhani fedha huokoa. Microsoft ilikamilisha mwaka 2014 kuinunua biashara ya simu ya Nokia kwa zaidi ya Dola bilioni 7, ili Windows Phone isimame na wakubwa. Mwaka uliofuata ikafuta katika hesabu zake Dola bilioni 7.6 kama hasara. Simu zenyewe hazikuwa mbovu. Wengi wetu tulizishika na kuzipenda. Watengeneza programu hawakuja, ndiyo yote. Ilipofika tarehe 31 Desemba 2019 WhatsApp ikaondoka na huko pia, kama ilivyokwisha kuondoka kwenye BlackBerry ya zamani na Nokia za Symbian.

Wamebaki wawili: Android ya Google na iOS ya Apple. Juu ya meza ya kijana wetu Makambako, kama ilivyo Darajani, zimejaa Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, na simu za kioo kikubwa za majina hayo matatu huendeshwa na Android. Pembeni, ndani ya kava jipya, iliwekwa iPhone 6 iliyokwisha kutumika, imefutwa inang'ara, kwa bei ya kumtoa mtu macho. Vijana wetu wa Mjini wanaoona haya kutoa Itel mbele ya watu harusini wangeikimbilia. Nayo ni kama kitochi cha mama tu: tangu tarehe 5 Mei 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye iPhone 5s, 6 wala 6 Plus, kwa sababu mfumo wake haupandi tena kufikia kiwango kinachotakiwa. Tulipomuuliza kama huwaambia wanunuzi hilo, alicheka kwa aibu.

Kwa hiyo watu wanabishana Android bora au iPhone bora, na hilo si suali la kwanza. Suali la kwanza ni hii simu mahsusi, ya mwaka huu, imebakiwa na umri gani ndani ya gulio lake.

Upande wa pili wa vita hivi ni wale wanaotengeneza programu, na hao sasa wamo majumbani mwetu. Wapo vijana wa vyuo wanaotaka kuwawekea wanafunzi wa madrasa masomo ya tajwidi kwenye simu. Kujiandikisha kuuza au kugawa kwenye duka la Google ni Dola 25 mara moja tu. Kwenye duka la Apple ni Dola 99 kila mwaka. Kwa madrasa inayokusanya ada ya wiki kwa sarafu, tofauti hiyo inatosha kuamua. Ndiyo maana programu nyingi za watu wa kwetu huishia Android, na mwenye iPhone huambiwa asubiri. Ukiuza kitu ndani ya programu, maduka yote mawili kwa miaka mingi yalikata asilimia 30. Tangu 2021 wenye mapato madogo hukatwa asilimia 15.

Tumeulizwa kama makato hayo ni riba. Si riba. Ni ujira wa mwenye soko, unafanana na wa dalali, na ujira ukijulikana na ukaridhiwa na pande mbili hauna ubaya. Palipo na mushkeli ni pengine. Apple iliwakataza watengeneza programu hata kumwambia mteja kwamba iko njia nyingine ya kulipa iliyo rahisi zaidi. Kampuni ya Epic Games iliishitaki mwaka 2020. Aprili 2025 mahakama ya Marekani ikasema Apple imevunja amri ya kuondoa kizuizi hicho, na mwezi huo huo Umoja wa Ulaya ukaitoza faini ya Euro milioni 500 kwa jambo la namna hiyo hiyo.

Wakulima wa Njombe hawahitaji kufasiriwa habari hii. Wana lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, linalipwa kama gunia moja, na mkulima akigoma anaambiwa viazi vyake vitaoza shambani. Anaridhia kwa ulimi. Fiqhi haiitazami ridhaa ya namna hiyo kwa macho yale yale inayoitazama ridhaa ya mtu mwenye soko la pili la kwenda. Ndiyo maana tunasema ushindani wa wawili hawa, pamoja na kelele zake, ni afadhali kuliko kubaki mmoja. Na tunasikitika kwamba hawakubaki watatu au wanne.

Tunaona pia mlango mwingine ukianza kufungwa. Watu wetu wamezoea kupeana programu mkono kwa mkono, faili linatoka simu ya ustadhi kwenda simu ya mwanafunzi bila kupita dukani. Google ilitangaza Agosti 2025 kwamba programu zote za simu za Android zenye huduma zake zitatakiwa ziwe za mtengenezaji aliyejitambulisha rasmi, hata zisizotoka dukani, kuanzia Septemba 2026 huko Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na kwengineko kuanzia 2027. Ina maslahi, kwani matapeli wengi hupitia hapo. Lakini ustadhi aliyetengenezewa programu na kijana asiyejulikana aliko sasa ajitayarishe mapema.

Kuna jambo limetugusa zaidi kama Waislamu, nalo ni kwamba mwenye gulio ana mkono juu ya msahafu uliomo simuni. Oktoba 2021 Apple iliiondoa programu ya Quran Majeed katika duka lake la China kwa matakwa ya serikali ya huko. Watengenezaji wake, kampuni ya Pakistan, walisema walikuwa na watumiaji karibu milioni moja nchini humo. Upande wa pili, Novemba 2020 waandishi wa Motherboard walifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za Swala iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa ikiwauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi moja kwa moja, wakakata uhusiano na kampuni hiyo. Mwezi uliofuata Apple na Google wote waliamuru watengeneza programu waiondoe X-Mode. Mkono uliozuia msahafu kule ndio mkono uliowalinda wenye kuswali huku. Hatusemi watu waache msahafu wa simu, sisi wenyewe tunao. Tunasema wa karatasi usitoke nyumbani, na programu ya Adhana isipewe ruhusa ya kujua ulipo saa zote: mtu wa Wete anaweza kuiandikia jina la mji wake tu, ikamtosha.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Tulimuuliza lini alinunua mzigo, na lini alijua.

Alinunua katoni mbili za vitochi hivyo kwa jumla, mwishoni mwa 2024, kwa bei iliyomshangaza kwa urahisi wake. Baadhi vilikuwa vimeshatumika na WhatsApp imo, vyengine vipya haikuwemo na haikukubali kuingia. Mteja wa pili aliporudi kulalamika ndipo akaambiwa na mwenzake kwamba kuna tangazo. Akaendelea kuuza. Mama wa Kibena ni miongoni mwa wale wa baada ya hapo, na alitamka wazi kwamba anataka simu ya WhatsApp.

Aibu katika bidhaa ni kila kinachopunguza thamani yake au kinachopoteza lengo ambalo watu hununulia. Anayeijua ni wajibu aiseme. Simu yenye WhatsApp itakayokoma baada ya miezi miwili ina aibu tayari siku ya kuuzwa, japo siku hiyo inafanya kazi. Kwani katika madhehebu yetu ya Shafi'i, aibu inayodhihiri baada ya mauzo ilhali sababu yake ilikuwepo kabla, huhesabiwa iliyokuwepo. Basi mama ana haki ya kurejesha simu na kupewa fedha yake kamili, na manufaa aliyoyapata kwa kuitumia hayakatwi. Aliporudi nayo alipoijua kasoro alifanya linalotakiwa. Kijana hakuwa na haki ya kunyamaza, na faida aliyoipata kwa kunyamaza si yake.

Wale wawili wa mwanzo, kabla hajajua? Hana dhambi, lakini haki yao ya kurejesha ipo pale pale, maana aibu haiondoki kwa muuzaji kutoijua. Aliowauzia miaka ya nyuma, 2021 au 2022, hapana deni baina yao. Soko lilikuwa hai na tangazo halikuwepo. Akiwapunguzia bei ya simu mpya ni ihsani yake. Na yeye ana haki ya kumdai aliyemuuzia katoni zile.

Akatuuliza tena: kuandika ukutani “bidhaa ikiuzwa hairudishwi” hakumkingi? Hakumkingi kwa aibu aliyoijua akaificha.

Alihesabu kwenye daftari, wakatoka kumi na mmoja. Wanne alikuwa na namba zao. Siku ya pili tulipokuwa tunaondoka alikuwa amempata mama yule na mwengine mmoja wa Njombe mjini, akawarejeshea. Waliobaki tumemwambia awatafute kupitia masoko wanayouzia, na akikata tamaa kabisa ya kuwapata atoe kiasi hicho sadaka kwa niaba yao, pamoja na nia ya kuwalipa wakitokea. Ile iPhone 6 ilikuwa bado mezani, lakini ameibandikia karatasi: “WhatsApp haifanyi kazi.” Bei alikuwa ameishusha.

Na Allaah Anajua zaidi.